Jaji kazuia amri, viza mbona haitoki?

SWALI: Mdogo wangu alichaguliwa kwenye bahati nasibu ya viza ya Marekani. Redioni tunasikia jaji kazuia amri ya rais, mara mahakama nyingine imeiruhusu. Asubiri mahakama? Halafu inasemekana Wamarekani wamelegeza msimamo kuhusu wahamiaji. Hilo halisaidii?
Msomaji, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Ndugu, kwanza mtazame kalenda. Viza hizo, zisizozidi 55,000 kwa mwaka, hutolewa ndani ya mwaka wa fedha wa Marekani, unaoisha 30 Septemba. Siku hiyo ikipita hajapewa, kuchaguliwa kwake kumekufa. Itabidi acheze upya.

Waliosubiri mahakama yaliwakuta. Mwaka 2020 jaji wa Washington aliagiza viza 9,095 zihifadhiwe kwa ajili ya waliokwama. Juni 2024 mahakama ya rufaa ikatengua: mwaka ukishafungwa, jaji hana uwezo wa kuamuru viza itolewe. Miaka minne ya kusubiri, mikono mitupu.

Rais naye ana nguvu kuliko redio inavyoeleza. Sheria ya mwaka 1952 inamruhusu kuzuia wageni akiona kuingia kwao kuna madhara kwa nchi. Amri za Trump za 2017, za kuzuia raia wa baadhi ya nchi kuingia Marekani, zilizuiwa na majaji wa chini, lakini Juni 2018 Mahakama ya Juu ikalipitisha toleo la tatu kwa kura 5 dhidi ya 4. Juni 2025 ikawabana pia majaji hao: zuio la kawaida sasa linawalinda waliofungua kesi, si kila mtu. Kwa hiyo ukisikia "jaji kazuia", uliza nani kashtaki.

Tanzania iliondolewa kwenye bahati nasibu hiyo Februari 2020, ikarudishwa Januari 2021 Biden alipoingia madarakani. Hakukuwa na hukumu yoyote hapo. Rais alibadilika tu. Tangu 1 Januari 2026 tumo tena kwenye orodha ya nchi zilizowekewa vizuizi vya viza kwa amri ya rais.

Kuhusu maoni, ulisikia kweli. Kwa kura za maoni za Gallup, shirika la utafiti la huko Marekani, waliotaka uhamiaji upunguzwe walikuwa asilimia 55 mwaka 2024, wakashuka hadi 30 mwaka 2025. Ila maoni hayo hufika ofisini kwa njia ya sanduku la kura, na Septemba haisubiri uchaguzi.

Fomu ajaze, pasipoti iwe hai. Ada ya dola 330 hulipwa wakati wa usaili na hairudishwi akikataliwa. Dalali anayeidai mapema ni tapeli. Na kama ana kiwanja Ihumwa, asikiuze kabla viza haijagongwa.