Maswali ya Wasomaji: Kabla Hujalipa Kodi ya Nyumba

SWALI: Mhariri mpendwa, mimi na mwenzangu tunatafuta nyumba ya kupanga. Kila tunapopata inayotuvutia, dalali hutuambia kwamba kuna mteja mwingine yuko njiani na fedha mkononi, hivyo tulipe siku hiyo hiyo au tuikose. Mara nyingi hupewa dakika chache tu za kuzunguka vyumbani. Ni mambo gani tusiyopaswa kuyaacha bila kuyakagua, hata tukiharakishwa?

JIBU: Ndugu zangu, huenda mteja huyo yupo kweli, lakini haraka yake haiwahusu ninyi. Fedha ndiyo nguvu pekee aliyo nayo mpangaji kabla ya kuingia, na ikishatoka mkononi, kila ombi la matengenezo hugeuka kuwa la kubembeleza. Kwa hiyo ukaguzi utangulie, maandishi yafuate, na malipo yaje mwisho. Mwenye nyumba anayetaka wapangaji wa kukaa nao hana sababu ya kuwanyima nafasi ya kurudi mara ya pili. Fikeni kwanza mchana, wakati mwanga unaonyesha kila ufa, kisha mrudi usiku, kwa kuwa kelele za jirani, giza la njia na ugumu wa usafiri havijulikani saa nne asubuhi. Mkiweza kufika mara tu baada ya mvua kubwa, msiiache nafasi hiyo, maana paa linalovuja na uwanja unaotuama maji havitajificha.

Ndani, anzeni na maji. Fungueni bomba la jikoni mliache likitiririka, kisha mfungue la bafuni na kuvuta maji ya choo, huku mmoja wenu akitazama kama maji ya jikoni yanapungua nguvu. Jazeni sinki na kuliachia kwa mkupuo: maji yakizama polepole, au tundu la sakafuni likaanza kugugumia na kutoa harufu, njia ya maji taka ina walakini. Tazameni pia chini ya sinki, kwani ubao uliovimba husema wazi kwamba mahali hapo pamevuja kwa muda mrefu. Ulizeni maji hutoka siku ngapi kwa wiki na kama kuna tangi la akiba, kisha swali hilo hilo mlipeleke kwa jirani anayepanga, ambaye hapati wala hapotezi kitu kwa kuwaambia ukweli.

Jambo ambalo wapangaji wengi hulipuuza, na ambalo mimi ningelipa uzito kuliko ukubwa wa sebule, ni unyevu. Jihadharini na ukuta uliopakwa rangi mpya sehemu moja tu huku kuta nyingine zikiwa na rangi ya zamani. Ombeni kabati lisogezwe, mtazame nyuma yake na kwenye pembe za dari kama kuna madoa meusi ya kuvu, kisha mpitishe kiganja sehemu ya chini ya ukuta. Plasta iliyovimba, inayopukutika kama unga, au iliyoacha chumvi nyeupe juu yake, huonyesha kwamba maji yanapanda kutoka ardhini kupitia msingi, na tatizo hilo halitibiki kwa kopo la rangi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2009 mwongozo kuhusu unyevu na kuvu ndani ya majengo, likieleza kwamba wakazi wa nyumba za namna hiyo huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata pumu na maradhi mengine ya njia ya hewa. Mwenye mtoto mchanga au mgonjwa wa kifua aiache nyumba hiyo hata kama kodi yake ni ndogo.

Kwa upande wa umeme, beba chaja ya simu na uijaribu katika kila soketi, na uhesabu soketi yenye alama nyeusi ya kuungua kuwa ni ya hatari mpaka fundi aseme vinginevyo. Ulizeni kama mita ni yenu peke yenu. Iwapo mnachangia na kaya nyingine, gharama hugawanywa kwa kichwa, kwa chumba au kwa vyombo vinavyotumika? Ugomvi mwingi wa wapangaji wa nyumba moja hutokana na swali hili kutoulizwa mapema. Madirisha nayo yatazamwe pande zote mbili, ya kumzuia mwizi na ya kumwokoa mkazi: nyumba iliyofungwa nondo kila dirisha, yenye mlango mmoja tu wa kutokea, ni mtego siku ya moto.

SWALI: Niliona nyumba nzuri katika mtandao kwa kodi ndogo kuliko nyingine zote za eneo hilo. Anayejitambulisha kuwa mwenye nyumba anasema yuko safarini, na ananitaka nitume amana ili anitumie ufunguo. Amenitumia hata picha ya kitambulisho chake. Nifanye nini?

JIBU: Usitume chochote. Bei isiyo ya kawaida, mwenye nyumba asiyeonekana, na fedha zinazodaiwa kabla ya mlango kufunguliwa ni alama tatu za utapeli wa nyumba unaojulikana duniani kote. Picha huchukuliwa kutoka tangazo la kweli, mara nyingi la nyumba inayouzwa, na picha ya kitambulisho huweza kuwa ya mtu mwingine aliyetapeliwa kabla yako. Zipitishe picha hizo katika programu ya kutafuta kwa picha uone kama zimewahi kutangazwa kwingine kwa jina au bei tofauti.

Hata anayekukaribisha ndani akiwa na ufunguo mkononi hajathibitisha kwamba nyumba ni yake, kwani wapo wanaopanga nyumba kwa muda mfupi kisha wakaipangisha kwa watu kadhaa kwa siku moja na kutoweka. Omba kuona hati ya umiliki au barua ya uwakilishi, ulinganishe jina lake na la kitambulisho, na uwaulize majirani nyumba ni ya nani. Malipo yapitie njia inayoacha kumbukumbu, kwa jina lile lile lililo kwenye mkataba, na stakabadhi itaje kama fedha hizo ni kodi, amana au ada ya dalali, na ni za kipindi gani. Mtu mwaminifu hataona maombi hayo kuwa matusi.

SWALI: Mama mwenye nyumba niliyoipenda anasema hahitaji mkataba wa maandishi kwa sababu ananiona kama mwanawe. Ninaona aibu kumsisitizia. Je, nikubali?

JIBU: Ninaielewa aibu yako, na wema wa mama huyo huenda ni wa kweli kabisa. Lakini mkataba hulinda hata wale wanaopendana, kwa kuwa binadamu husahau, husafiri na hufariki, na siku nyumba itakapohamia kwa warithi, maneno mliyozungumza sebuleni hayatakuwa na shahidi. Mwambie kwa heshima: “Mama, naomba tuandike ili nami nijue wajibu wangu kwako.” Kisha mpelekee rasimu wewe mwenyewe, kwani mara nyingi mzee hukataa usumbufu wa kuandaa karatasi na si karatasi yenyewe.

Mkataba utaje majina ya pande zote, kiasi cha kodi na siku ya kulipa, muda wa kukaa, na kipindi cha notisi kwa kila upande. Uonyeshe nani anatengeneza nini: paa, bomba kuu na nyaya za ndani ya kuta kwa kawaida huwa juu ya mwenye nyumba, na uharibifu uliosababishwa na mpangaji huwa juu ya mpangaji. Kifungu cha kupandisha kodi kisomwe mara mbili, kikitaja ni lini inaweza kupanda na kwa taarifa ya muda gani. Kama kuna ahadi ya matengenezo kabla hujaingia, iandikwe pamoja na tarehe yake. Kwa kuwa sheria za upangaji hutofautiana kati ya nchi na nchi, mwombe mwanasheria au ofisi ya msaada wa kisheria iliyo karibu nawe ipitie maandishi hayo kabla ya kutia saini.

SWALI: Nitumie sehemu gani ya mshahara wangu kwa kodi?

JIBU: Kipimo kinachotumiwa na wengi ni asilimia 30 ya mapato ya kaya. Marekani, kwa mfano, iliweka kikomo cha asilimia 25 kwa wapangaji wa nyumba za umma mwaka 1969, kisha ikakipandisha hadi asilimia 30 mwaka 1981. Kichukue kama dira tu, kwani asilimia hiyo haimwumizi mwenye kipato kikubwa, ilhali humnyima chakula mwenye kipato kidogo. Jumlisha pia nauli: nyumba ya bei nafuu iliyo mbali na kazini huweza kukugharimu kuliko ya karibu yenye kodi kubwa.

SWALI: Nilihama nyumba ya awali nikanyimwa amana kwa madai ya ufa niliouacha, ingawa niliukuta. Nijilinde vipi safari hii?

JIBU: Siku ya kukabidhiwa ufunguo, kabla hujaingiza hata godoro, pita kila chumba pamoja na mwenye nyumba mkiandika hali ya kuta, milango, vitasa, vioo na vyombo vya bafuni. Andikeni pia namba inayosomeka kwenye mita ya umeme na ya maji, ili madeni ya aliyekutangulia yasiwe yako. Piga picha za kila kasoro, uzitume kwake siku hiyo hiyo kwa ujumbe ili tarehe ibaki, kisha nyote wawili mtie saini nakala mbili za orodha. Siku ya kuondoka mtaipitia orodha hiyo hiyo, chumba kwa chumba, kabla hujarudisha ufunguo.