Gari liko gereji, hesabu inaendelea: je, dereva analipa?

SWALI: Assalaamu alaykum, sheikh. Naendesha teksi ya mtu hapa Dar es Salaam kwa hesabu ya shilingi 25,000 kwa siku. Giaboksi ilikufa, gari likalala gereji siku tisa. Tajiri ananidai hesabu ya siku hizo zote, 225,000, pamoja na nusu ya gharama za fundi. Ustadhi wa mtaani anasema nilipe, kwani nilitia saini kwamba "hesabu haina dharura", na Waislamu hufuata masharti yao. Mke wangu ana mimba ya miezi minane. Naweza kukata kidogokidogo kwenye hesabu bila kumwambia?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam. Mwanangu, Allah amjaalie mkeo ajifungue salama. Picha ya daftari uliyonitumia nimeirudia mara kadhaa. Mistari tisa, kwa mwandiko wa tajiri: "gari gereji", na mbele ya kila mstari, "deni 25,000". Amejiandikia ushahidi mwenyewe.

Mkataba wenu ni ijara, yaani ukodishaji. Mwenye gari anauza manufaa ya gari, na hesabu ndiyo bei yake. Siku ambayo gari liko juu ya mawe halina giaboksi, amekuuzia nini? Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu chake cha fiqhi ya Kishafii, ameweka matengenezo ya nyumba ya kupanga juu ya mwenye nyumba. Asipofanya haraka, mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba. Na aliyekodi mnyama, mkono wake ni wa amana: halipi kilichoharibika ila akivuka mpaka wa matumizi. Gari halitoki nje ya hukumu hiyo.

Ustadhi amekusomea nusu ya hadithi. Katika riwaya ya Tirmidhi inaendelea: "isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu." Na katika kisa cha Barira, mjakazi aliyenunuliwa na kuachwa huru na Bi Aisha, Mtume ﷺ alisema sharti lisilokuwemo katika Kitabu cha Allah ni batili hata yakiwa masharti mia. Kitabu hichohicho kinakataza kuliana mali kwa batili (Nisaa: 29). Kuchukua kodi ya kitu kisichotumika ni nini kama si hiyo? Nashangaa mtu wa elimu anambebesha dereva mzigo huu kwa sababu ya saini aliyoitia akiwa na njaa ya kazi.

Wengine husema, "Yeye ndiye anayeendesha, basi ndiye aliyeua giaboksi." Hapana. Chuma huchakaa kwa kazi, na kwa uchakavu huo tajiri amekuwa akipokea hesabu kila jioni. Ila kama uliendesha ukijua mafuta ya giaboksi yanavuja, au ulimpa deiwaka (dereva wa kushikia kwa muda) bila idhini, matengenezo ni juu yako. Hilo jiulize peke yako usiku, kwa ukweli.

Faini za mwendo ni zako. Za bima iliyoisha na matairi vipara ni za tajiri.

Kukata kimyakimya usithubutu. Uko kwenye haki; usijitie katika hiana. Mwendee baada ya Ijumaa pamoja na mzee anayemheshimu, umwekee daftari mbele yake, na hali ya mkeo mwambie bila aibu. Mkikubaliana, andikeni upya: gari likilala kwa ubovu, hesabu imelala. Akikataa, rudisha funguo mbele ya shahidi, na hesabu ya siku ulizofanya kazi umkabidhi yote.