Zaka kwa watoto walio vitani: je, kosa la baba linamfuata mtoto?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Nataka zaka yangu ya mwaka huu iwafikie watoto walio katika maeneo ya vita, kupitia taasisi ya misaada. Ndugu yangu ananikataza. Anasema wengine ni watoto wa wapiganaji waliomwaga damu za watu, wengine si Waislamu, na tena misaada huporwa njiani. Je, zaka yangu itasihi?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Wanaostahiki zaka wametajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60, na mafakiri na masikini ndio wa mwanzo katika yale mafungu nane. Mtoto Muislamu aliyekimbia na nguo za mwilini tu yumo humo, hata kama wazazi wake wako hai lakini hawana cha kumlisha. Wengi hudhani uyatima ndio unaompa mtoto haki ya zaka, kumbe ni uhitaji; yatima aliyeachiwa mali ya kumtosha hapewi.

Hiyo hoja ya wapiganaji ndiyo nzito, maana naisikia hata kwa watu wa ibada. Qur'ani imekariri katika sura kadhaa kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Na Imamu Ahmad amepokea kutoka kwa Swahaba Al-Aswad bin Sarii kwamba katika vita fulani baadhi ya watu walipindukia mpaka wakaua watoto. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopata habari alikemea vikali. Mtu mmoja akasema: hao ni watoto wa washirikina tu. Akamjibu: kwani walio bora miongoni mwenu si watoto wa washirikina? Na ndivyo ilivyokuwa, Maswahaba wengi wakubwa walizaliwa na washirikina. Basi ndugu yako, bila kumvunjia heshima, ameishika hoja ileile iliyokwisha kujibiwa. Yule aliitoa kutetea upanga, huyu anaitoa kuzuia chakula, na njaa nayo huua.

Kwa wasio Waislamu, jamhuri ya maulamaa, yaani walio wengi, hawajuzishi kuwapa zaka mafakiri wao, ila sadaka inajuzu bila tatizo. Suratul Insan, aya ya 8, inawasifu wanaolisha masikini, yatima na mfungwa, na wafungwa wa vita wa zama zile walikuwa washirikina. Tenga sadaka mbali na zaka, uieleze taasisi kwamba fungu hili ni la mtoto yeyote mwenye njaa.

Ama uporaji, hapo ndugu yako ana neno. Taasisi uliyoikabidhi zaka yako ni wakili wako. Mali ikipotea mikononi mwake kabla ya kuwafikia wanaostahiki, dhima yako haijaondoka na utalipa tena. Ikishapokewa na walii wa mtoto, yaani msimamizi wake wa kisheria, au na mlezi anayesimama mahali pake, kisha ikaporwa, zaka yako imetimia na aliyepora atajibu mbele ya Mola wake. Kwa hiyo waulize kabla ya kutoa: mna mfuko wa zaka peke yake? Anayepokea kwa niaba ya mtoto ni nani? Wakishindwa kukujibu, tafuta wengine. Tena zaka humilikishwa mwenyewe, yaani chakula, nguo, dawa au fedha mkononi. Kuchimba kisima, kujenga darasa au kukodi malori kulipiwe kwa sadaka.

Hukuuliza kuhusu kuihamisha zaka kutoka mji wako, lakini utaulizwa. Lililo mashuhuri katika madhehebu ya Imamu Shafi ni kutoihamisha maadamu wastahiki wapo mjini. Mahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Abu Hanifa, wameruhusu ikiwa wa mbali wana haja kubwa zaidi, na kwa watoto walio chini ya mabomu mimi natoa fatwa kwa kauli hiyo. Ukitaka kutoka kwenye hitilafu hii ya maulamaa, gawa: sehemu kwa mafakiri wa mjini kwako, sehemu kwao.

Wallahu aalam.