Jibu: Kusomea harpsikodi ukiwa na kinanda cha kwaya tu

Salama mdogo wangu. Uko Moshi, una miaka 17, unapigia kwaya ya usharika, unataka kusomea harpsikodi (kinanda cha kale cha nyaya) lakini hujawahi kuigusa, na ile sauti ya harpsikodi kwenye kinanda chako unaiona haina uhai.

Kwanza angalia kinanda chenyewe. Zima ule mpangilio unaofanya ukibonyeza kwa nguvu sauti ipande. Harpsikodi hukwanyua waya, haiugongi kama piano, hivyo ubonyeze kwa hasira au kwa upole, ukubwa wa sauti ni uleule. Uhai unatoka kwenye muda: noti ipi unaishikilia, ipi unaiachia mapema. Pedali isahau. Pakua bure kwenye IMSLP, tovuti ya nota za muziki, zile invensheni 15 za Bach (1723), vipande vifupi vya sauti mbili, upige mkono wa kushoto peke yake mpaka uimbe. Wanafunzi wangu hapa Arusha wote wanakimbilia wa kulia!

Halafu besi yenye tarakimu. Mpiga harpsikodi husindikiza sana. Anapewa mstari wa besi na namba, chodi anajaza mwenyewe. Kwenye ufunguo wa C, ukiona 6 chini ya mi, unapiga mi, so, do. Mtu wa sauti nne kama wewe hapo ameshatangulia.

Shule? Usiwaze ndege kwanza. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, pale Usa River, wana shahada ya muziki. Ada na sifa ulizia chuoni. Shule ya muziki wa kale kama Schola Cantorum Basiliensis kule Uswisi, baadaye.

Weka hapa rekodi fupi ya huo mkono wa kushoto, nisikilize.