Mwanangu, kuitwa jina siyo kupata kazi

Mama yangu mzuri,

Marahaba. Voisi yako ya dakika kumi na moja nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nikiwa kwenye daladala nikaambulia kelele za konda tu, ya pili jikoni usiku wakati maharage yanachemka, hiyo ndo nimekuelewa. Umeniuliza, mama, mwezi wa nne mwakani nikishamaliza chuo, jina langu likiitwa kwenye drafti ya WNBA, ule usiku timu za ligi ya kikapu ya wanawake Marekani zinaita wachezaji wapya kwa zamu, au lisipoitwa, maisha yanakuwaje? Na ukaongeza kwa sauti ya chini, wale dada waliotoka chuo tukawapigia makofi, mbona wengine hata huwaoni tena? Nimeona nikujibu kwa kuandika maana kwenye simu utanikatisha, nakujua.

Nianze na hesabu, we mwenyewe ulinifundisha kuzifuata hizi mambo saa nane za usiku mpaka baba yako akahamia chumba cha wageni. Drafti ya 2025 yaliitwa majina 38. Timu zilikuwa 13, na kila timu mwisho wachezaji 12, nyingine zilibaki na 11 kwa sababu ukomo wa mishahara ulikuwa mgumu, hauvukwi, kila timu ilikuwa na kama dola milioni moja na nusu igawane hapohapo, na mastaa wawili watatu wakishachukua chao kinachobaki ni cha kubana kama mboga ya mwisho wa mwezi. Kwa hiyo ligi nzima ilikuwa nafasi 156 ukizijaza zote, na nyingi zilikuwa na wenyewe tayari, wanawake wa miaka 28, miaka 33, wana mikataba, wana mabega, wana watoto wa kulisha. Hakuna anayekuachia kiti kwa vile umevaa gauni zuri usiku wa drafti.

Ndo maana nakwambia kuitwa jina ni kuitwa kwenye usaili. Kazi bado hujapata.

Tena usaili wenyewe hauna hata nafasi ya kupumua. Angalia Paige Bueckers mwaka 2025, tarehe 6 mwezi wa nne kachukua ubingwa wa vyuo na UConn, Chuo Kikuu cha Connecticut, tarehe 14 kaitwa namba moja na timu ya Dallas, mwisho wa mwezi huohuo kempu, yale mazoezi ya kuchuja wachezaji kabla ya ligi, zimeshafunguliwa, katikati ya mwezi wa tano ligi imeanza. Mwenzio wa kiume akichaguliwa anapewa kiangazi kizima anazoea, ninyi mnatoka kwenye mtihani mnaingia kwenye mwingine mkiwa na jasho lilelile. Yeye kafaulu, kachukua tuzo ya mchezaji mpya bora, akapiga pointi 44 mechi moja. Lakini yeye ni namba moja, timu ilishampangia kitanda kabla hajafika. Wa namba 30 hapangiwi kitanda.

Mfano ulio karibu ni wale Golden State Valkyries, timu mpya iliyoanza 2025. Walichagua watatu. Wa namba 5, Juste Jocyte wa Lithuania, akabaki zake Ulaya. Wa 17, Shyanne Sellers, binti wa chuo cha Maryland ambaye watu walikuwa wanasema atachukuliwa mapema, wakamkata kempuni hata ligi haijaanza. Wa 30, Kaitlyn Chen, wakamkata naye, halafu mwezi wa sita nafasi ikapatikana wakampigia simu arudi, akarudi. Yaani timu MPYA, isiyo na mwenyewe, wachaguliwa wake watatu hakuna hata mmoja aliyekuwepo siku ya kwanza. Hapo ndo nilizima simu nikakaa nikiwaza habari zako.

Sasa wewe utasema mama unanitisha. Sikutishi. Nataka ujue namba haisemi kitu peke yake, na hii inakata pande zote mbili. Charli Collier aliitwa namba MOJA mwaka 2021, Dallas haohao, na 2023 wakamwachia. Crystal Dangerfield aliitwa raundi ya pili, namba 16, mwaka 2020, akachukua tuzo ya mchezaji mpya bora, wa kwanza kabisa wa raundi ya pili kuichukua, ukafikiri basi huyu katoboa, 2022 timu yake ya Minnesota wakamkata kabla msimu haujaanza, tangu hapo kazunguka timu kadhaa. Halafu kuna Erica Wheeler ambaye 2013 HAKUITWA. Jina lake halikutoka. Akaenda Puerto Rico, akaenda Brazil, akarudi, akakatwa, akarudi tena, na 2019 akawa mchezaji bora wa mechi ya mastaa, akalia pale uwanjani mpaka na mimi nikalia huku nilipokuwa naangalia kipande chake. Becky Hammon naye 1999 hakuitwa, leo ndo kocha wa Las Vegas Aces na mwaka 2025 kachukua ubingwa wa tatu.

Na kwetu tuna wa kwetu. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar hapahapa, 2009 aliitwa namba 2 kwa wanaume, NBA, na waliokuja kuwa mastaa wakubwa wakaitwa nyuma yake, James Harden namba 3, Stephen Curry namba 7. Nakumbuka mtaa mzima tulikuwa tunatembea vifua mbele kana kwamba tumechaguliwa sisi. Msimu wa kwanza haujaisha timu ikamshusha ligi ndogo. Watu wakaanza kumsema ovyo, mimi sikumsema na simsemi leo, kijana kachelewa kuanza kikapu na bado kafika pale, nani mwingine kafika? Ila sikiliza hiki. Thabeet alikuwa na ligi ndogo ya kushushwa, na huku chini mshahara wake wa mamilioni ya dola unaendelea kuingia. Ninyi hamna ligi ndogo. Ukikatwa umekatwa, unapewa tiketi ya ndege, unarudi kwa nani sijui.

Mwanangu kuna kitu sijawahi kukusimulia. Unajua nilicheza, unajua ile picha ya sebuleni nimeshika mpira nina nywele za kutisha, ila hujui kwa nini niliacha. Niliitwa kempu ya timu fulani, acha nisiitaje, wasichana 24 wanatakiwa 12. Wiki tatu tunalala kwenye magodoro chini, tunakimbia asubuhi giza, raba zangu niliazima kwa binamu zilikuwa namba moja kubwa nachomeka gazeti. Siku ya mwisho wakabandika karatasi ya kaunta buku kwenye mlango wa stoo, imeshikwa kwa plasta ya kidonda. Nikasoma kutoka juu kwenda chini, nikasoma tena kutoka chini kwenda juu. Jina la kumi na mbili lilikuwa limefutwa kwa biro ya bluu na jingine limeandikwa juu yake, na mpaka leo naapa chini ya ule wino niliona herufi ya kwanza ya jina langu. Hakuna mtu aliyetuita kutueleza. Nilibeba begi nikapanda basi, nikanunua maandazi nikashindwa kuyala, na kikapu nikakiacha palepale, nina miaka 21, kama mtu aliyeambiwa mpira wote duniani umeisha.

Kosa langu halikuwa kukatwa. Kosa langu ni kwamba sikujua kuna mlango mwingine, na hapakuwa na mtu wa kuniambia, bibi yako alifurahi tu kwamba sasa nitaacha kuvaa bukta.

Mlango mwingine kwako ni nje ya Marekani. Mchezaji wa kike akimaliza chuo, kazi yake halisi ya kila mwezi mara nyingi iko Uturuki, Italia, Uhispania, Ufaransa, Hungary, Australia, China, huko wanacheza kuanzia vuli mpaka masika wakati WNBA imelala. Hata mastaa wenyewe walikuwa wanaenda miaka yote, kwa sababu nyumbani malipo madogo. Brittney Griner alikuwa anacheza Urusi hivyohivyo mpaka 2022 yakampata yale ya kukamatwa, na tangu siku ile mimi ukinitajia nchi ya kwenda naanza kuuliza habari za ubalozi kabla ya mshahara. Na sasa kuna ile ligi ya Unrivaled ya mastaa kina Napheesa Collier na Breanna Stewart, ilianza Januari 2025 kule Miami, watatu kwa watatu, inalipa vizuri, lakini ile ni ya wenye majina mwanangu, tusidanganyane.

Hela sasa. Bueckers kwa kuwa namba moja, mshahara wa ligi mwaka wa kwanza, 2025, ulikuwa dola 78,831, baba yako akaweka kwenye kalkuleta akasema karibu milioni 190 za kwetu, akapiga mluzi. Nikamwambia punguza kodi, punguza wakala, halafu huyo ni wa KWANZA, wa chini mwaka huo walianzia elfu 66 na kidogo, na hizo unazipata ukiwa kwenye kikosi. Ukikatwa kempuni huzipati. Mwaka 2025 wachezaji walivutana na ligi kuhusu mkataba mpya, ule wa zamani ulipangwa kuisha mwisho wa mwezi wa kumi mwaka huo, na mwezi wa saba walivaa fulana kwenye mechi ya mastaa wanadai walipwe wanachodai, kwa hiyo darasa lenu mtaingia kwenye hesabu nyingine, ya juu zaidi naamini, ila usiweke bajeti juu ya mkataba ambao hujausaini.

Cha ajabu siku hizi kuna wanaobaki chuo kwa sababu chuo kinalipa. Olivia Miles angeweza kuitwa juu kabisa mwaka 2025, akakataa, akahama chuo cha Notre Dame akaenda chuo cha TCU acheze mwaka mwingine. Tangu 2021 mwanafunzi anaruhusiwa kuuza jina na sura yake, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa. Lakini hiyo ni hadithi ya Wamarekani. Wewe uko kwa viza ya F-1, ile ya mwanafunzi wa kigeni, uliniambia mwenyewe mwenzako anayekaa benchi kapewa mkataba wa vinywaji na wewe unayeanza mechi unaogopa hata kusaini karatasi isije ikakurudisha nyumbani. Kwa hiyo usijilinganishe na wao kwenye hili, wala usikasirike nao, ni makaratasi tu.

Ukitaka wa kumwangalia mwangalie Madina Okot, yule Mkenya mrefu. Katoka chuo cha Zetech kule Kenya, kaenda chuo cha Mississippi State, 2025 akahamia South Carolina kwa kocha Dawn Staley, kaondoka nyumbani kama ulivyoondoka, viza kama yako. Tofauti yenu yeye ana futi sita na nusu, na urefu haufundishwi, timu itamvumilia akijifunza. Wewe ni gadi, mpeleka mpira, wa futi tano na inchi tisa. Magadi wa futi tano na tisa Marekani wamejaa kama nzi sokoni, nisamehe mama lakini ningekuwa nakudanganya ningekuwa nakupenda nini.

Swali la jina kuitwa au kutoitwa mimi nimeshaliacha. Ninachouliza ni je, kuna timu gani inakosa unachokifanya wewe vizuri? Caitlin Clark, namba moja wa 2024, mechi yake ya kwanza alipoteza mpira mara 10, wakamwacha aendelee kwa sababu timu ilijengwa imsubiri, mwisho wa msimu akavunja rekodi ya asisti, zile pasi za kufungisha. Wewe ukipoteza mpira mara nne kempuni umepanda ndege. Gadi wa namba ya kumi na moja kwenye kikosi anawekwa kwa mambo mawili, kukaba na kutokosea, hafungi 22 usiku mmoja, anaingia dakika sita anamkera mtu halafu anakaa chini anapiga makofi. Kuweza hayo unaweza, toka darasa la sita ulikuwa unawakera kaka zako.

Jina lisipotoka usiku ule, usizime simu siku tatu kama ulivyofanya ulipokosa timu mwaka wa pili. Baada ya raundi ya tatu timu zinaanza kupiga simu kuita watu kempu bila kuchaguliwa, na wakati mwingine hapo ni bora, maana unachagua wewe kempu yenye upungufu wa gadi kuliko kuchaguliwa namba 36 na timu yenye magadi watano. Muulize wakala kabla hujasaini naye: wateja wake wangapi wako Ulaya sasa hivi, klabu zipi huwa zinachelewesha mishahara, na ukiumia goti nani analipa operesheni. Cameron Brink aliitwa namba 2 mwaka 2024, mwezi wa sita goti likaondoka, yeye timu ikamlea. Ya kwako bado sijakusahaulia, ile barafu unayoweka baada ya mazoezi ni ya uchovu au ni ya maumivu? Nijibu kwa maandishi, kwa voisi unacheka cheka.

Baba yako kasema umalize digrii yako ya afya ya jamii na akasema niiandike kwa herufi kubwa. UMALIZE.

Na nitumie ile video ya mechi ya mwezi wa pili. Siyo ile ya pointi 22, hiyo kila mtu ameiona mpaka mchungaji. Nataka ile mliyofungwa, ambayo ulimkaba yule namba 10 wao robo nzima ya nne akapata pointi mbili tu, kuna kocha mmoja rafiki yangu wa zamani anajuana na watu wa klabu Uturuki, Jumamosi anakuja kula pilau hapa, nataka aione kabla sijamwekea sahani.

Mama yako