Kabla hujalipia, geuza boksi usome nyuma

Mwaka jana nilinunua pawabenki kwa sababu ya sentensi moja tu kwenye tangazo, "inachaji simu yako mara nne". Mbele ya boksi wameandika mAh 20,000 kwa herufi kubwa, betri ya simu yangu ni mAh 5,000, nikagawa kichwani nikapata nne kamili, nikalipa. Safari ya kwanza tu nikajaza simu mara mbili, ya tatu ikafika asilimia 80 hivi pawabenki ikazima. Nikamrudia muuzaji na hasira zangu, akalichukua boksi akaligeuza akanionyesha maandishi madogo chini kabisa: kiwango halisi mAh 12,000 kwa volti 5. Yalikuwepo muda wote.

Ngoja nielezee hii vizuri maana watu wengi wanaliwa hapa. Betri za ndani ya pawabenki zinafanya kazi kwenye volti kama 3.7, lakini kinachotoka kwenye waya kuingia kwenye simu ni volti 5. Zidisha 20,000 kwa 3.7 halafu gawa kwa 5, unapata 14,800, na hapo hujatoa umeme unaopotea kama joto wakati wa kubadilisha volti, kwa hiyo ukikuta 12,000 au 13,000 ndio kawaida yake. Ile namba ya mbele ni ya kweli, ni ya betri zenyewe. Ila "mara nne" aliyeandika tangazo alijua kabisa haiwezekani na bado akaandika, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Tangu hapo sinunui kitu bila kugeuza boksi. Spika nyingine nilikuta mbele imeandikwa wati 5,000 PMPO, yaani eti nguvu ya juu kabisa ya sauti kwa kufumba na kufumbua, nyuma kwenye stika ya umeme wati 40. Sasa jiulize, kitu kinachovuta wati 40 ukutani kitatoa wapi wati 5,000 za sauti mfululizo? Hiyo PMPO haina kipimo kimoja kinachokubalika, kila kiwanda kinapiga hesabu kinavyotaka. Angalia RMS, yaani nguvu ambayo spika inaweza kuitoa mfululizo, na kama hawajaiandika basi soma umeme unaoingia, huo angalau unakupa picha.

Ukishazoea namba anza kuyasikiliza na maneno. Neno ninalolichukia kuliko yote ni "hadi". Punguzo hadi asilimia 70, betri inakaa hadi siku tatu, spidi hadi sijui ngapi. Bidhaa moja tu kwenye duka zima ikipunguzwa asilimia 70 na nyingine zote zikipunguzwa 5, tangazo limesema kweli na wewe umeshafika dukani. Halafu kuna "imepimwa na wataalamu wa ngozi", ambapo mara nyingi walichopima ni kama krimu inawasha, sio kama inaondoa madoa, na hata hapo wamesema imepimwa, hawajasema ilifaulu. Na dawa za kusafishia zinazoua asilimia 99.9 ya vijidudu, hiyo ni hesabu ya maabara, nyuma ya chupa kuna maelekezo kwamba sehemu ibaki imelowa kwa muda fulani, nyingine mpaka dakika 10, nani kwetu anayepaka akasubiri dakika 10? Mimi nilikuwa napangusa hapo hapo.

Wengine wananiambia mimi nanunua kampuni kubwa tu, sidanganywi. Sikubaliani. Listerine, ile ya kusukutulia mdomo, ilitangazwa tangu miaka ya 1920 kwamba inazuia mafua na koo kuuma, watu wakaamini kizazi hadi kizazi, mpaka mwaka 1975 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikaamuru kampuni iseme kwenye matangazo yake yenyewe kwamba haizuii mafua wala koo kuuma na wala haipunguzi makali yake. Kampuni ikaenda mahakamani kupinga, mwaka 1977 mahakama ya rufaa ikakubaliana na tume. Zaidi ya miaka 50 jamani.

Lakini kilichonifanya niandike leo sio spika wala pawabenki, ni shangazi yangu. Anatumia dawa za presha za hospitali miaka mingi. Akaona tangazo la vidonge "vya asili asilimia 100, presha inarudi sawa ndani ya siku 14, havina madhara", na picha ya mama mmoja anatabasamu ameshika kopo. Akanunua, akaacha za hospitali bila kumwambia mtu. Wiki ya tatu akaanguka bafuni, presha ilikuwa juu mno, namshukuru Mungu alikuwa na mtu nyumbani. Hilo neno "asili" nililisoma mara nyingi siku zile tukiwa wodini. Tumbaku ni ya asili, uyoga wenye sumu ni wa asili. Kama wewe au mzazi wako anatumia dawa za presha au sukari, naomba sana msiache wala kuchanganya na kitu chochote cha kwenye tangazo bila kumuuliza daktari anayewatibu.

Usiku mmoja nikaichukua ile picha ya yule mama nikaitafuta kwa picha kwenye Google. Nikaikuta kwenye tangazo la dawa ya kupunguza tumbo, nikaikuta kwenye dawa ya magoti, majina tofauti kila sehemu na ushuhuda tofauti. Ni kitu cha dakika mbili, fanya ukiona ushuhuda wowote wa kabla na baada.

Nikamwandikia muuzaji bila matusi, nikamuuliza maswali matatu: mmepima wapi, kwa watu wangapi, na namba ya usajili wa dawa ni ipi ili niithibitishe kwenye mamlaka. Akajibu "dada wateja wetu wote wamepona". Nikarudia maswali yale yale, akaniblok. Juzi mdogo wangu kanitumia tangazo jipya, kopo rangi nyingine, safari hii ni dawa ya macho, na yule mama bado anatabasamu pale pale.