Jibu la msomaji: viazi viwili ndani ya kimoja

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza wiki hii kama viazi vichemshwe na maganda yake au vimenywe kwanza. Mimi huchemsha na maganda tangu ujana wangu, na nilianza barua hii nikiwa tayari kuwalaumu wanaomenya, kwa sababu kisu chenye haraka huondoa nyama nyingi pamoja na ganda, na kiazi kilichovuliwa hunywa maji. Lakini kwangu kuna swali linalotangulia hilo: viazi viingie katika maji baridi au katika maji yanayotokota?

Mwaka 2009, mwezi wa tatu tangu niolewe, mama mkwe alitoka Uvira kuja kututembelea hapa Goma. Nilikuwa nimenunua sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, na viazi vya Kibumba, vikubwa, kila kimoja kikijaza kiganja. Kwa kuwa misa ya Jumapili hiyo ilichelewa kwisha, nilijaza babula, jiko letu dogo, makala (makaa) mpaka juu, nikangoja maji yatokote kwa nguvu, ndipo nikavitumbukiza viazi vizima na maganda yake, nikafunika sufuria na kuweka jiwe juu ya kifuniko. Maji yalifurika yakamwagikia makala, majivu yakaruka mpaka kwenye sambaza nilizokwisha kukaanga. Baada ya dakika ishirini maganda yalikuwa yamepasuka na maji yamekuwa meupe kama uji, nikasema moyoni kwamba vimeiva, nikapakua. Mama mkwe alikata cha kwanza, akakigeuza ili nione: pembeni kilikuwa kinamomonyoka, na katikati mlikuwa na kiini kibichi, kigumu, cha ukubwa wa limau dogo. "Mwanangu," akasema taratibu, "umenipikia viazi viwili ndani ya kimoja." Mume wangu aliendelea kula sambaza bila kuinua macho. Mama aliinuka mwenyewe, akavirudisha sufuriani, akapunguza makala, akaketi kando ya babula kwenye kigoda changu. Tulikula saa kumi kasoro.

Joto huingia ndani ya kiazi polepole, na maji baridi hukipa nafasi ya kupata moto nje na ndani karibu kwa pamoja. Tena Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu hutokota kwenye nyuzi 95 hivi, wala hayafiki 100, na kuongeza makala hakuyazidishii joto bali huyakausha tu.

Sasa, nikirudi kwenye swali lenu, naona nimejifunga mwenyewe. Viazi vile vilikuwa na maganda yake na havikusalimika. Kama ningevimenya na kuvikata vipande vilivyolingana, vingeiva mapema na kwa makala machache, na kwa bei ya gunia la makala siku hizi hilo si jambo dogo. Vilivyoota rangi ya kijani ni lazima vimenywe kwa kina, au vitupwe vikizidi, kwa maana sumu yake haiondoki kwa kuchemshwa. Basi menyeni, isipokuwa viazi vidogo au vichanga, ambavyo kuvimenya ni kuvimaliza. Jana jioni nami nilimenya.

Hata hivyo, siku mama mkwe atakaporudi, vitachemshwa na maganda, katika maji baridi yenye chumvi, na babula itakuwa na makala nusu.

Msomaji wenu, Goma